Nyanya Alipokuja Kutembea

Jana, kwenye basi la kwenda Longbridge, mzee mmoja aliketi kando yangu akinukia dawa ya kuchua, ile kali ya kuwasha macho. Nikageukia dirisha, machozi yananilengalenga. Si dawa, jamani. Nilimkumbuka Nyanya, mama yake baba.

Nilikuwa na miaka minane alipopiga simu kutoka Voi: "Nakuja kutembea!" Mama akapiga vigelegele, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimezaliwa hapa Birmingham. Kiswahili nilikisikia ila nilikijibu kwa Kiingereza, na kutembea nilikokujua mimi ni kule kwa miguu miwili tu. Nikashangaa, loo, mtu apande ndege aje kutembea! Kwani kwao hakuna njia? Lakini nikasema, maadamu ndilo linalomleta, atatembea mpaka atosheke.

Kila nikitoka shule nilimkuta kwenye kochi, chai chupani, mandazi ya moto sahanini, nafasi yangu kando yake.

"Njoo ukae, nikuhadithie babako alivyokuwa mtundu. Unisemeshe na wewe, mama, hata neno moja."

Nami, andazi mdomoni, namvuta mkono: "Come on, Nyanya! Let's walk!"

Basi anavaa koti la Mama, leso anaifunga juu ya kofia ya sufu, tunauzunguka mtaa wetu wa Kingstanding na nyumba zake zinazofanana mpaka aniulize kama hapa hatujapita. Mimi mbele, yeye nyuma anahema. Za babangu sikuhadithiwa, maana pumzi zote ziliishia kilimani.

Jioni alijichua magoti, nyumba nzima ikanuka. Baba akitaka kunikanya, yeye hucheka. "Mwache. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mjukuu wangu amenipa barabara." Nami nikajiona mwenyeji hodari!

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, alinishika mashavu. "Haya, mimi nimetembea. Sasa ni zamu yako. Uje kwangu utembee."

Nikaona huyu bibi ananionea. Kutoka Birmingham mpaka Voi, kwa miguu? Nikajikaza, nikamjibu kwa Kiswahili ili anielewe vizuri: "Siwezi, Nyanya. Kwako ni mbali."

Hakucheka. Alisema "haya" tu, akaniachia mashavu.

Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia mama mmoja wa kanisani akimlalamikia mwenzake anayekaa mtaa wa pili: "Mbona huji kwangu kutembea, tukae tuzungumze?" Nilisimama pale mlangoni pa kanisa. Nyanya tulikuwa tumeshamzika. Masikini, alikuja kukaa nami nikamzungusha barabarani, kisha akanialika kwake. Na Kiswahili alichokingoja kwangu siku zote zile, alipokipata, kilikuwa "siwezi".