Boksi Kavu la Shemeji

Sitaanza kwa kumsifu, maana simpendi. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Mkavu. Jina hilo alilipata kwa sababu mbili. Kwanza, maneno yake ni ya kuhesabu: ukimsalimia vizuri utajibiwa nusu, ukimsalimia vibaya hujibiwi kabisa. Pili, ni yale maboksi yake. Gari likitengenezwa katika gereji yake haliondoki siku hiyo. Analitandikia chini boksi jeupe lililopasuliwa, gari linalala juu yake, na asubuhi anapiga magoti kulikagua boksi lile kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Likiwa kavu, anaandika tarehe kwenye kona, anatia sahihi, anatundika ukutani. Ukuta wa gereji ile umejaa maboksi matupu, na yeye huyatazama kama wenzake wanavyotazama picha za harusi zao.

Uadui wetu una miaka kumi na minne. Siku alipokuja nyumbani kumposa mdogo wangu, sisi tumevaa, tumepanga viti, tunamsubiri. Yeye, kabla hajafika mlangoni, akainama chini ya pikapu ya baba, akachovya kidole kwenye vumbi, akakinusa.

"Mzee, gari lako linavuja."

Hilo lilitangulia salamu! Mimi nikasema kwa sauti kwamba huyu hakuja kuoa, kaja kutafuta kazi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na hajasahau mpaka leo. Baba naye, kwa kunikomoa, akamkabidhi binti na pikapu kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo hatuivi chungu kimoja. Tukikutana ni "shemeji" kwa "shemeji", na neno lenyewe tunalitema kama kokwa.

Mimi nilikuwa dereva wa zahanati. Miaka kumi na moja nilishika usukani wa lile gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kazi nyingine sijui, wala sikutaka kuijua. Nililiosha mwenyewe, nikalijazia kitabu cha safari mwenyewe, huku nikitafuna kifuniko cha kalamu, tabia ambayo mama yangu alishindwa kuniachisha. Mtu mwingine akikalia kile kiti hata kwa dakika tano, nilijua kwa jinsi kioo kilivyogeuzwa, na siku hiyo chakula hakishuki.

Mvua za masika zilipokatika, gari likaanza kuvuja oili kwenye transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Matroni, mkuu wetu, akasema lipelekwe kwa Mkavu. Nikalipeleka nikiwa nimenuna. Akabadilisha sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale shafti inapotokea. Kesho yake boksi likawa kavu, akalitundika. Baada ya siku sita, tumbo lote la gari lilikuwa jeusi kwa oili. Nikarudi. Akabadilisha tena, boksi likawa kavu tena, akatundika tena. Wiki haikuisha, likavuja tena.

"Shemeji, hivi hizo sili unazitoa wapi, kwenye kandambili?" nilimwuliza mbele ya wateja wake.

"Boksi lilikuwa kavu."

"Wagonjwa siwabebi kwenye boksi!"

"Basi jifunze kuendesha. Unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Mdogo wangu, mkewe, akatoka ndani na kanga mabegani, akasimama katikati yetu. "Kaka, na wewe baba watoto, mtanizeesha kabla ya siku zangu," alisema, akarudi ndani bila kusubiri jibu. Hakuna aliyeona haya. Mimi povu lilikuwa linanitoka, yeye alikuwa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Matroni alichoka. Siku ile nilitoka safari ya mbali, injini bado ya moto, akanisimamisha getini na karatasi mkononi. Ilikuwa fomu ya matengenezo. "Peleka gari sasa hivi, usizime hata kidogo," alisema. "Fundi aandike humu chanzo cha uvujaji. Kama ni ufundi wake, namwacha natafuta mwingine. Kama ni dereva, wewe utakaa hapa getini, usukani nitampa mtu mwingine. Sitaki maneno."

Yaani riziki yangu ilikuwa kwenye ncha ya kalamu ya mtu ambaye tangu nimcheke mbele ya wakwe zake alikuwa anaitafuta nafasi hii. Njia nzima nilimtukana mbele ya kioo. Nilijua ataandika nini, na nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu.

Alisoma fomu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakunipa hata ile nusu ya salamu. Akaliinua gari, akaweka stendi, akaingia chini, nami nikainama kumchunga asije akanizulia kitu. Akalegeza nati ya kujazia oili.

Transfa ikapiga *pffff*, ndefu, kama soda iliyotikiswa.

Akaiweka spana chini. Mara mbili za kwanza nilimletea gari asubuhi, limelala, limepoa. Sauti ile hakuwahi kuisikia.

"Gari hili linapumulia wapi?" aliuliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Alipenyeza mkono juu ya transfa, kule jicho lisikofika, akapapasa, akavuta kitu. Akatoka chini, akafungua kiganja.

Kilikuwa kifuniko cha kalamu. Cha buluu. Kimetafunwa.

Nilikitambua kabla akili haijakubali, kama mtu anavyotambua kiatu chake mlangoni kwa watu. Wakati wa masika nilimpakia mama mjamzito, uchungu umeshamshika, mto umejaa mpaka kwenye nyasi. Nikaingia chini, nikapapasa, nikakuta kijiti kimekata ule mrija mwembamba unaoipa transfa hewa, na kitundu chake kiko wazi. Nikivuka hivyo, maji yangeingia kwenye gia. Nikakiziba kwa kilichokuwa mdomoni. Tukavuka, mama akajifungua salama, wauguzi wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa. Kifuniko nikakisahau siku hiyo hiyo.

"Ikipata moto hewa inavimba," alisema Mkavu polepole. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Haina pa kutokea. Inasukuma oili kwenye sili. Likipoa, halivuji. Nimetupa sili mbili nzima."

Kisha akaenda ukutani. Akayabandua yale maboksi mawili ya gari langu, yenye tarehe na sahihi yake, akayachana vipande vidogo. "Haya hayakuwa yanasema kweli," alisema. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini nilifurahi.

Ile sili ya pili nayo oili ilikuwa imeshaichakaza mdomo, kwa hiyo alibadilisha ya tatu. Nilisimama pale muda wote. Akamwaga oili, akafungua shafti, akavuta flanji, kile kisahani cha chuma kinachoshika shafti, akaichokonoa sili ya zamani taratibu asije akakwaruza chuma. Akapitisha ukucha kwenye flanji kutafuta mkwaruzo, hakuridhika, akapitisha tena. Mpya akaipaka oili mdomoni, akaigonga kwa kipande cha bomba kilicholingana nayo, mapigo madogo ya kuzunguka, huku akisikiliza. Akafunga mrija mpya wa hewa, akaupandisha juu hadi chini ya boneti. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaliendesha gari mpaka likachemka vizuri, ndipo akalitandikia boksi.

Asubuhi nilimkuta amepiga magoti. Boksi lilikuwa kavu.

Akatoa fomu mfukoni. Akatia sahihi chini, pale pa fundi. Pale juu, penye chanzo, palikuwa patupu. Akanisukumia fomu na kalamu.

"Andika wewe."

"Hiyo kazi ni yako."

"Sili ni kazi yangu. Kifuniko ni chako."

Akanipa kisogo, akaingia chini ya gari jingine.

Mtu huyu hajawahi kutia sahihi kitu asichokihakikisha kwa macho yake. Na sasa sahihi yake ilikuwa mikononi mwangu, juu yake pameachwa wazi, niandike nipendalo. Maneno mawili tu, "sili mbovu", na mimi ningebaki na usukani, yeye angepoteza zahanati. Hakuna aliyekiona kile kifuniko ila sisi wawili. Angeandika mwenyewe ningemchukia kwa raha maisha yangu yote. Hata hilo alininyima! Nikaandika kwa hasira hadi karatasi ikatoboka: *Dereva aliziba kitundu cha hewa, akasahau.*

Matroni aliisoma mara mbili. Akasema ni vizuri kwamba nimesema ukweli, na kwamba nianze getini Jumatatu.

Hapa getini nina kiti, rejista na kalamu isiyo na kifuniko. Gari siku hizi analiendesha mama mmoja aliyetoka kwenye malori, na kioo amekigeuza. Kila akirudi safarini, injini ya moto, mimi hupiga magoti kwenye lami na kuchungulia chini. Mwaka wa pili huu. Pakavu. Namwomba Mungu anionyeshe tone moja tu.