Moshi wa Gakwaya

Watu ba Nakivale wakisema mimi ninaongeza chumvi, sikatai. Chakula bila chumvi nani atakula? Lakini habari ya shemeji yangu Gakwaya nawapa kama ilivyotoka chunguni.

Gakwaya alimuoa dada yangu kule milimani, Kivu ya Kusini. Alikuwa mrefu: mvua ilimlowesha yeye kwanza, sisi tukangoja zamu. Kwa watu hakuwa na maneno. Kwa ng'ombe alikuwa nayo mingi. Alimsifu kila mmoja kwa jina lake mpaka ng'ombe mwenyewe akasahau majani. Kule kwetu ndege ndogo zilitua kwenye uwanja wa majani, na yeye ndiye aliwasha moto wa majani mabichi, rubani aone kwa moshi upepo unaelekea wapi. Ng'ombe wakati huo walikuwa mbali, mabondeni.

Vita vikatuleta Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Dada akafariki, akamwachia mtoto mmoja tu, Umwiza. Gakwaya akapata kazi ya kuchunga kwa tajiri mmoja nje ya Mbarara, mwenye ndege yake na uwanja wake. Kila jioni aliwasha moshi wa kufukuza nzi, na ng'ombe wakauzoea. Ukipanda tu, wanakuja mbio, wanasongamana ndani yake kama waumini kwenye mahubiri.

Mwaka wa 2009 Umwiza akamaliza masomo ya uuguzi Kampala. Tajiri akasema, "Gakwaya, mtoto wako hatapanda basi. Rubani wangu Grégoire atamleta na ndege yangu." Nikatoka Nakivale na kuku kwapani, kwenda kumpokea.

Upepo wa siku ile ulikuwa mbaya. Ulimvua pasta Nehemiya kofia pale Ngarama, ikaonekana Kikagate, mpakani, kichwani mwa Mtanzania, na Mtanzania akaapa amezaliwa nayo. Kule uwanjani, kile kitambaa cha kuonyesha upepo kilikuwa kimechanika chote, umebaki mti mtupu. Kuku wangu akaficha kichwa ndani ya kitenge. Sikupenda.

Mara tukasikia ndege inalia nyuma ya kilima.

"Grégoire hatajua upepo unatoka wapi," Gakwaya alisema. Akachukua kijinga cha moto, akakimbilia ukingoni mwa uwanja.

"Shemeji, acha! Na ng'ombe?"

"Biko mbali, Mama Munezero. Nyamaza."

Hawakuwa mbali. Walikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya miti ya miiba. Moshi ukalala chini, ukavuka kwenda kwao. Niliona masikio kwanza. Kisha pembe, ndefu, nyeupe, zinatoka miibani kimya kimya. Kisha zikaanza kukimbia.

"Gakwaya, banakuja! Bote banakuja!"

Akapiga mluzi, akawaita kwa majina, akarusha fimbo. Ng'ombe akishaona moshi hasikii mdomo. Na ndege ilikuwa imekwisha kugusa majani. Ikaruka, ikagusa tena. Grégoire akawakwepa ng'ombe, na hapo upepo ukaingia chini ya bawa, ukaliinua. Ndege ikaacha kumtii. Mkia ukataka kwenda mbele, pua ikarudi nyuma, bawa likalima udongo, vumbi na moshi vikawa kitu kimoja. Halafu kimya. Hata upepo ulinyamaza ukasikiliza.

Gakwaya hakukimbia. Nilikimbia mimi, pamoja na kuku. Grégoire alikuwa akitambaa nje, damu mdomoni. "Binti! Mumutoshe binti!"

Tulimtoa Umwiza akiwa hajui dunia. Wakamlaza hospitali ya Ruharo, Mbarara. Baba yake akasimama nje ya mlango. Hakuingia, hakukaa, hakula. Kesho yake macho ya mtoto yakafunguka. Nikamvuta Gakwaya ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba," Umwiza alisema pole pole, "niliona moshi kutoka juu. Nikajua ni wewe. Nikamwambia Grégoire, usiogope, baba anatuonyesha njia."

Gakwaya akamshika mkono.

Tangu siku ile nzi walimla yeye na ng'ombe wake, na hakuna aliyemwona akiwasha moto tena, hata wa chai. Chai alipikiwa na Umwiza, akiegemea magongo.