Kitanda cha Dirishani

Niliingia katika chumba kile muhula wa pili ulipoanza, wakati wengine wote walikuwa wameshazoeana. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanga mtaani na binamu yangu. Alipoolewa, nikaomba nafasi katika hosteli za chuo. Mlezi wa hosteli alinipa ufunguo, akasema, "Ghorofa ya pili. Kitanda cha dirishani kiko wazi." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Kwa joto la Dodoma, nani asiyetaka kulala dirishani?

Wenzangu walikuwa wawili, mwaka wa pili kama mimi. Mmoja alitoka Mbeya, mrefu, mwanafunzi wa sheria, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wa pili alitoka Mwanza, mwembamba, akisomea ualimu. Nilipowasalimia, wa Mwanza aliitikia huku macho yake yako kwenye begi langu.

"Wewe ndiyo umepewa hapo?" akaniuliza wa Mbeya.

"Ndiyo."

"Haya. Karibu." Akarudi kwenye simu yake.

Wiki za kwanza zilinichosha. Hawakunitukana wala kuninyima kitu, ila nikiingia mazungumzo yalikatika. Nikipika wali nikawakaribisha, walikuwa wameshakula. Siku moja nilichukua kikombe cha bluu kilichokuwa rafuni, nikajimiminia chai. Wa Mbeya aliinuka, akakitoa mkononi mwangu, akamwaga chai kwenye ndoo ya maji machafu, akakifuta kwa kanga yake na kukifungia kabatini. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, wao ni Wakristo, nikaamini tatizo ni sala zangu za alfajiri zinazowaamsha. Nikahamishia mkeka wangu koridoni. Baridi ya alfajiri huko iliniingia hadi mifupani, na hakuna kati yao aliyeniambia rudi ndani.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, nilikuwa peke yangu nikifua. Mlango uligongwa. Alisimama mama mtu mzima, amejifunga kaniki, miguu imejaa vumbi, ameshika mfuko wa salfeti.

"Mbukwenyi," alisema, kama Wagogo wasalimianavyo.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu." Aliangalia vitanda vitatu, kimoja kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analitafuta. "Nimetoka Chamwino, kijijini. Nimekuja kuchukua vitu vya mtoto wangu. Alikuwa analala kipi?"

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea chumba. Kisha nikaona jinsi kitanda changu kilivyokuwa kimetandikwa vizuri, shuka la maua nililopewa na mama yangu, na nikaelewa kwa nini nilikikuta wazi. Nikakionyesha kwa kidole.

Alikaa juu yake. Alipapasa shuka, akapapasa ukuta, akachungulia dirishani akaona mabweni mengine na vilima vikavu nyuma yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na ndiye niliyekuwa simjui marehemu hata kwa sura. Nikamtengenezea chai. Alikuwa ameishika bila kuinywa wenzangu waliporudi kutoka maktaba.

Walisimama mlangoni. Wa Mwanza alipiga magoti pale pale. "Mama, tusamehe. Hatukuja kuzika. Tulikuwa na mitihani."

"Najua, wanangu. Mitihani haingoji." Akamshika kichwa. "Mimi nina swali moja tu. Nyie ndio mlikuwa naye. Alisema nini?"

Wa Mbeya, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alitazama sakafu. Hatimaye wa Mwanza ndiye aliyejibu.

"Alikutaja wewe, mama. Alisema, mwambieni mama asihuzunike."

Yule mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Wa Mbeya akafungua kabati, akatoa begi, vitabu, viatu viwili vya wazi na kile kikombe cha bluu kilichofungwa ndani ya gauni. Mama naye akatuachia ule mfuko: ndani mlikuwa na karanga za shambani kwake. Tulimsindikiza hadi kituo cha basi, tukambebea begi kwa zamu.

Tuliporudi, wa Mbeya alifunga mlango. "Kwa nini umemdanganya?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Basi ungemwambia wewe!"

Ndipo nilipoujua ukweli, wakiutupiana juu ya kichwa changu. Binti yule aliumwa kichwa siku tatu. Walimpa dawa za maumivu. Walidhani anakwepa jaribio, maana aliliogopa somo lile. Asubuhi ya jaribio aliwaomba wazime muziki na kufunga pazia, akisema mwanga unamuumiza macho. Wa Mbeya akamjibu, "Acha maigizo, amka twende." Wote wawili wakacheka, wakaondoka. Waliporudi mchana, alikuwa haitikii. Alifia hospitali siku ya pili, bila kusema neno lingine.

Baada ya siku ile hawakunikwepa tena, lakini siwezi kusema tulikuwa marafiki. Tulikula karanga zile wote watatu bila hamu. Mwisho wa muhula, wa Mbeya aliomba kuhamishwa chumba, na tangu hapo tukikutana njiani alinisalimia kwa haraka na kupita. Nilibaki na wa Mwanza. Nilirudisha mkeka wangu ndani. Yeye mwenyewe aliniambia rudi ndani.

Tulipokaribia kuhitimu, tukiwa tunafungasha vitu, aliniambia kwamba amekwenda kule kijijini mara nne, peke yake, wala hajamwambia mtu.

"Anakukaribisha?"

"Ananichinjia kuku." Alikuwa anakunja nguo ile ile mara ya tatu. "Kila nikienda ananiambia nirudie. Yale aliyosema mwanawe. Ananiweka katikati ya majirani, wote wananisikiliza. Mara ya kwanza yalikuwa maneno yale yale. Sasa nimeongeza. Nimesema aliomba tumwimbie wimbo wa kanisani kwao. Nimesema alitabasamu."

Nilimuuliza kama ataacha kwenda akisharudi Mwanza.

"Ameniomba nije wakati wa mavuno," alisema. "Nimemwambia nitakuja."