Mlango wa Thorvald Bundgaard

Zamani tulikwenda sinema kumtazama mtu tunayemjua. Siku hizi watu wanakwenda kumtazama mtu aliyejinyima chakula na kujibandika pua ya bandia ili asitambulike hata na mama yake, kisha wanampa tuzo kwa kujipoteza.

Thorvald Bundgaard hakujipoteza. Nilikuwa mtu wa taa katika studio yetu ndogo huko Brønshøj, na nilimmulika akiwa polisi, mwoka mikate, mchungaji wa kanisa na, mara moja, mfalme. Wote walikuwa Thorvald. Wote walivaa koti lake la kahawia, maana enzi zile mwigizaji mdogo alikuja kazini na nguo zake mwenyewe. Mfalme tu ndiye aliyeazimwa joho, na koti likachungulia chini yake. Wote walifoka kwanza, kisha wakalainika. Waandishi hawakujisumbua kumtungia maneno. Kwenye mswada waliacha nafasi tupu, wakaandika: Thorvald anaingia, anasema yake. Naye aliingia akasema yake, na mara nyingi ilikuwa kumwuliza mkosaji kama amekula.

Watu walimpenda kama jirani. Kwenye tramu wanawake asiowajua walimsimulia habari za waume zao. Niliwahi kuona wanaume wawili waliogongana kwa baiskeli pale Nørrebro wakimwita avuke barabara aje kuwaamua. Akavuka, akawaamua.

Lakini alikuwa na kidonda. Mhakiki mmoja wa gazeti aliandika kwamba Bundgaard si mwigizaji, ni mpita njia aliyepotea akatokea mbele ya kamera. Thorvald alicheka pamoja nasi mezani tulipokuwa tukifungua vifurushi vya mikate yetu ya mchana. Baadaye mkewe, Agnete, aliniambia kwamba mzee husimama bafuni mbele ya kioo akijifunza kukunja uso kwa ubaya. "Anafanana na mtu anayeumwa jino," alisema. Alichotaka ni kimoja tu: aitwe mwigizaji, walau mara moja, kabla hajafa.

Ndipo akaja Palle Rønnow, kijana wa sweta jeusi aliyesomea uongozaji ng'ambo. Filamu yake ilikuwa ya fundi viatu ambaye mwanawe anatoka gerezani alikofungwa kwa kumwibia babake. Kijana anabisha hodi mkesha wa Krismasi. Baba anafungua, anamtazama, anafunga. Filamu inaishia hapo. Rønnow alimchagua Thorvald kwa sababu hakuna ambaye angelitarajia hilo kutoka kwake.

Mara ya kwanza Thorvald alifunga mlango, kisha akaufungua na kuuliza, "Umekula?" Tulicheka sote isipokuwa Rønnow. Mara ya pili aliufunga polepole, kama ndani mna mtoto mchanga aliyelala. Mara ya tatu alijisahau kabisa, akasogea pembeni kumpisha kijana aingie. Rønnow akaja kukaa naye chini ya ngazi yangu.

"Mzee, huyu baba si wewe."

"Najua, kijana. Ndiyo maana nimeikubali kazi."

"Basi mwache afunge mlango."

"Yeye anaufunga. Mkono wangu ndio unaoufungua."

"Nimwite mtu mwingine?"

Thorvald aliinuka. "Usimwite mtu," akasema.

Alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari, akaomba koti lolote la studio. Kisha akafunga mlango. Sijaona mlango ukifungwa vile tena. Yule mwigizaji kijana aliyebaki nje, na theluji ya pamba mabegani, alilia machozi ya kweli. Rønnow hakutaka irudiwe.

Filamu ilipotoka nilikwenda kuitazama Nørrebro. Mlango ulipofungwa, ukumbi mzima ulicheka ukisubiri ufunguliwe. Yakatokea majina ya waigizaji. Hakuna aliyeinuka. Mwanamke nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Atafungua sasa hivi," akakaa hadi mfagiaji alipokuja kumwondoa.

Magazeti yaliandika kwamba hatimaye tumempata mwigizaji. Yule mhakiki wa awali alimwomba radhi hadharani. Agnete alikata kipande hicho cha gazeti akakitundika karibu na saa ya ukutani.

Lakini muuza mikate alimsukumia mkate wake bila salamu. Kwenye tramu watu waligeukia dirishani. Mtu asiyejulikana alimtumia kitasa cha mlango kwa posta. Zikaja kazi za majaji wakali na za baba wasiosamehe, akazikataa zote. Na kwingine hakuna aliyeacha tena nafasi tupu kwenye mswada. Waandishi wapya waliandika hadi kikohozi.

Mara ya mwisho nilimwona kwenye kituo cha tramu cha Trianglen, na kikapu cha Agnete mkononi. Bibi mmoja mwenye mkongojo alikuwa amemkamata mkono. Nilisimama nyuma yao bila kumsalimu.

"Mkesha wa Krismasi," bibi alikuwa akisema. "Mwanao wa kumzaa. Huna haya?"

"Nilimfungulia, mama."

"Nilikuwepo mimi. Hukumfungulia."

"Nilimfungulia baadaye. Mkanda ulikuwa umekwisha kwenye kamera, wakashindwa kupiga. Aliingia, akala bata, akauzunguka mti wa Krismasi pamoja nasi akiimba. Sasa yuko Aarhus, ana duka lake la viatu."

Bibi alimkazia macho. "Aarhus sehemu gani?"

"Karibu na stesheni," Thorvald akasema, bila kupepesa jicho. "Ukishuka tu, mkono wa kushoto."

Bibi akamwachia mkono. "Mngesema basi," akasema. "Tumeumia bure miaka yote hii."

Tramu ikafika. Alimshika bibi kiwiko akampandisha, naye akapanda nyuma yake, na bibi akajisogeza kwenye kiti ampe nafasi ya kukaa.