Hajala, Amekunywa: Asubuhi Moja ya Daktari wa Usingizi Mpanda

"Hajala," anasema Kabula kwa mara nyingine, na safari hii amesimama kabisa, kitenge kimekazwa kiunoni. "Mliniambia asile, hajala. Tangu jana ugali hajaugusa. Sasa mnanigombeza kwa lipi?"

Dakta Romana Lyamba ananyoosha kidole chini ya kitanda. Pale kuna kibuyu, na kibuyu ni kitupu.

"Na hiki je, mayu?" anauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hicho cha maziwa. Wewe maziwa unayala?"

Wodi ya wanaume inacheka. Hata mgonjwa mwenyewe, Masunga, mtoto wa Kabula, anacheka huku ameuma meno. Romana hacheki. Chumba cha upasuaji kiko tayari, na kijana anayepaswa kulazwa usingizi amemaliza kibuyu cha maziwa mgando asubuhi hii, ili apate nguvu za kukatwa.

Masunga alichomwa pembe na dume juzi, huko upande wa Ugalla ambako familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Lori la mbao ndilo lililomfikisha Mpanda mjini. Paja limechanika hadi ndani, jeraha lina udongo, na tangu jana limeanza kunuka. Lisiposafishwa leo, mguu unaweza kuondoka.

Maziwa yana ubaya gani? Mtu aliye macho akipaliwa, anakohoa. Aliyelazwa kwa dawa hakohoi. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda hadi kooni, kikageuka na kushuka kwenye mapafu, na mwenyewe hana habari. Ndiyo maana Romana huuliza kila mgonjwa kama amekula. Leo amegundua kwamba kwa nusu ya wilaya hii, kula ni ugali. Maziwa, uji na togwa vinanywewa.

Dakta Osward, anayefanya upasuaji, anafika mlangoni akiwa ameshavaa aproni. Hayo ya koo na mapafu anayajua. Lakini gari la kwenda Karema linamsubiri uani, na akishaondoka harudi mpaka mwisho wa wiki. Anataka Masunga apigwe sindano ya usingizi ya siku zote, amsafishe upesi, aende zake. Anamkumbusha Romana kwamba amekwisha kuwakata watu waliokunywa togwa, na hadi leo wanalima.

"Wewe ulikata," Romana anamjibu. "Aliyekuwa ameshika pumzi zao hukumuuliza kama alipata usingizi siku hiyo."

Osward anauliza hapa mkubwa ni nani. Si swali la mzaha. Romana ana miaka thelathini na miwili, ni daktari kamili, binti wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe. Mwaka juzi alikwenda Dar es Salaam kusomea udaktari wa usingizi, na mwaka huu wa 1997 amerudishwa Mpanda kwa miezi kadhaa ya mazoezi. Osward ndiye atakayesema kama hospitali imngoje amalize masomo, au imrudishe kwenye kisu, kazi ambayo yeye Osward alitaka aisomee tangu mwanzo.

"Watu hawajui kwamba huku nako ni kusoma," Romana anasema. "Wanadhani unachoma sindano, unakaa kwenye stuli, unamngoja mwenzako amalize."

Baba yake huwaambia majirani kwamba binti yake anapasua watu. Akisema analaza watu, wanamtazama vibaya. Wagonjwa waliopona humletea Osward jogoo. Romana hawamjui kwa sura. Walipokuwa naye walikuwa wamelala.

Kilichompeleka kwenye fani hii ni mama mmoja wa uzazi aliyemwona akifia mezani, enzi za uanagenzi wake, mbali na Mpanda. Daktari alikuwa mmoja: alimlaza mama yule, kisha akamkata, na wa kuangalia pumzi zake hakuwapo. Mtoto alitoka analia.

"Mshono ulikuwa mzuri sana," anasema. "Nilikaa nikautazama ule mshono."

Chuoni anafundishwa kwa mashine inayoonyesha mapigo ya moyo na hewa iliyomo katika damu. Huku Mpanda ana kidole chake kwenye mshipa wa mgonjwa, kifaa cha kusikilizia moyo, chupa ya etha ya kulazia, na mtungi wa oksijeni unaoletwa na treni pale reli inapopitika. Kitabu chake, anasema, kimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye umeme. Walimu wa fani hii ni wachache nchini, wa kwake yuko Dar, na simu ya posta huingia inapotaka. Akikwama, hana wa kumwita.

Hata hivyo anataka kurudi hapahapa. Akimaliza, anapanga kuwafundisha manesi wawili watatu, ili asiwe peke yake tena.

Lakini kwanza kuna Masunga. Romana anarudi kitandani na kumweleza Kabula kwamba ipo njia nyingine: sindano ya mgongoni, miguu itakufa ganzi, kichwa kibaki macho na koo libaki na akili zake.

Kabula anashika mdomo. "Akatwe anaona?"

"Mama, niache," Masunga anasema. "Dume lilinichoma nikiwa macho. Na hawa wanichome hivyohivyo."

Osward amesikia. Anamuuliza Romana kwa sauti ya chini kama amewahi kuifanya peke yake. Akiwa na mwalimu pembeni, mara nyingi. Peke yake?

"Bado," Romana anasema.

Osward anatazama uani, kwenye gari, kisha anamtazama Masunga. Romana hangoji aamue. Anamwambia Nesi Séverine asukume kitanda.

Ndani, anatundika dripu na kuacha maji yaingie kwanza, kwa sababu ganzi hiyo hushusha presha. Masunga anakalishwa, kidevu kifuani, amemwegemea Séverine begani. Romana anapapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba, anapaka dawa, anapitisha sindano polepole. Inagonga mfupa. Anairudisha, anaielekeza juu kidogo, anasukuma tena. Tone moja linachungulia kwenye tundu, jeupe kama maji ya mvua: amefika penyewe.

Anaingiza dawa. Wanamlaza.

"Miguu inaota moto," Masunga anasema. Baada ya muda anauliza kama bado anayo.

Romana anamfinya pajani, chini, kisha juu zaidi. Masunga anaendelea kutazama dari. Romana anapima presha, anaihesabu, anarudia kuihesabu. Vidole vyake vinabaki kwenye mshipa wa shingo.

Osward amesimama upande wa pili, kisu mkononi, anamtazama yeye.

"Kata," Romana anasema.

Osward anakata.