Prosesa ya Clarisse Imechelewa Miezi Minne

Saa mbili asubuhi katika mji wa mpakani wa Kamembe, wakati wenzake wanafungua maduka, Clarisse Dusabe anajifungia ndani ya sekretarieti yake ndogo, anamojazia watu fomu mtandaoni na kuwapigia chapa barua. Juu ya meza kompyuta imelazwa ubavu, kifuniko kimetolewa.

Anafungua feni kwa bisibisi. Chini yake grisi imekauka, inabanduka magamba. Anaifuta kwa spiriti, anainua kijiti cha kufungia, anaitoa prosesa, kile kibamba kinachofanya hesabu zote za mashine.

"Sikusomea hii kazi," anasema mama huyu wa miaka arobaini na mmoja.

Kompyuta hii ya bei ya chini aliinunua ikiwa imeshatumika, miaka tisa iliyopita. Mwaka huu ukurasa mmoja ulikuwa ukichukua dakika sita kufunguka, na wateja wakahamia kwingine. Hilo alilivumilia. Linalomkosesha raha ni siku ya Épiphanie.

Épiphanie, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kisiwa cha Nkombo, alivuka kwa mtumbwi mwezi wa tano, siku ya mwisho ya kuombea wanafunzi msaada wa karo. Vyeti vya binti yake, Umuhire, alivifunga ndani ya kitenge. Clarisse alianza kujaza fomu saa nane. Zikiwa zimebaki dakika ishirini muda ufike, mashine ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Ilipoamka, maombi yalikuwa yamefungwa.

"Akaniambia, 'Maman, jaribu tena, pengine itakubali.' Nikajaribu mara tatu, na nilijua imekwisha," Clarisse anasema. "Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Ndipo Clarisse akadunduliza miezi minne, akanunua prosesa yenye nguvu zaidi, nayo iliyotumika, kwa fundi Parfait wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka.

Sasa anaipachika, alama ya pembeni juu ya alama ya ubao, lile bamba kuu la mashine. Anapaka grisi mpya, anarudisha feni, anawasha. Feni inazunguka. Skrini inabaki nyeusi. Anampigia Parfait.

"Maman, hiyo ubao ni ya zamani, haijui hii prosesa," fundi anajibu. "Rudisha ile ya kwanza, halafu uweke programu mupya ya ubao na ile flashi nilikupa. Lakini courant ikikatika katikati, mashine imekufa. Hata mimi sitaiweza."

Wiki hii umeme umeshakatika mara mbili. Clarisse anarudisha prosesa ya zamani, anachomeka flashi, anabofya. Kwa dakika nne hagusi kitu. Mtu anabisha hodi, haitiki.

Programu inakamilika. Anabadilisha prosesa tena, na safari hii skrini inawaka. Ukurasa unafunguka kwa sekunde nane.

Hacheki. Anakaa, mikono mapajani.

Jumapili iliyopita alivuka kwenda Nkombo kumwambia Épiphanie kuwa maombi yatafunguliwa tena Januari. Akakuta Umuhire ameshaondoka, anafanya kazi za ndani Bukavu. Hata mama yake hajui namba ya nyumba anamofanya kazi.

"Amenipa jina la mtaa tu, Nyawera," anasema. "Alhamisi nitavuka mpaka, nipite nikiuliza mulango kwa mulango. Nikimupata, nitamwambia arudi tujaze tena. Akikataa, ni haki yake. Lakini asikie kwa mudomo wangu kwamba ile siku, si yeye alishindwa."