Lupu ya Tunu

Tunu anauza supu ya utumbo karibu na machinjio ya Vingunguti. Watu wanamuona mcheshi, wanadhani hana ubishi. Mie nilipanga naye nyumba moja, namjua. Uzazi wa tano nusura umtoe roho. Alipopona akaenda kuweka lupu, kile kitanzi cha kuzuia mimba. Mumewe, Sadallah, aliridhia mdomoni tu.

Mwaka wa tisini na mbili akapimwa mlango wa kizazi. Majibu yakasema chembe za hapo zimeanza kubadilika, huenda ni mwanzo wa saratani, arudi kliniki. Sadallah hapo akapata pa kusemea.

"Si nilikwambia? Dude hilo linakuozesha. Katoe."

Bi Somoe, somo aliyemfunda Tunu unyagoni, naye akaunga mkono. Tunu akaogopa mpaka supu ikawa inamzidi chumvi. Akiitoa, mimba, na mimba nyingine ingemuua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Sadallah hajabeba mimba. Nilimchukia bwana yule, sifichi.

Nikamsindikiza kliniki. Nesi Demetria akamuuliza siku ya kipimo alijiweka nini ukeni. Tunu akainamisha uso. Alijisafisha kwa shabu, lile jiwe jeupe la kukaza, kama kawaida yake. Bi Somoe alimfunza kwamba mwanamke haendi kukaguliwa hivihivi.

"Shabu inachubua, na penye michubuko kipimo hakisomeki vizuri," nesi akasema. "Iache kabisa, baadaye tupime upya. Lupu haina kosa, ibaki."

Kwetu somo hapingwi, lakini Tunu aliiacha shabu. Sadallah akanuna lupu ilipobaki, akatishia kuoa mke wa pili.

"Oa," Tunu akamwambia, huku anamenya vitunguu. "Mie wanangu wananitaka mzima."

Kipimo cha pili kikatoka safi. Sadallah hakuoa, na lupu haikutoka.

Mwezi uleule Bi Somoe alikuwa anamfunda mjukuu wake, nasi tukaalikwa ndani. Alipoitoa shabu amwonyeshe mwari, Tunu akainuka, akampa shikamoo, akaichukua mkononi mwake. Akaikoroga kwenye ndoo ya maji ya kisima, yenye tope. Tukasubiri mpaka tope likatulia chini, maji yakang'aa.

"Kazi yake ni hii, somo. Kwingine iliniumiza."

Nilijua atafukuzwa. Bi Somoe aliitazama ile ndoo, kisha akamvuta Tunu kando, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Na watu wazima kama mie, wanapimwa?"